Khati Katika Kuta za Palermo

Watu wengi wasafirio kwenda Italia kwa kutamani sanaa hukusudia Roma, Florence na Venice, na hapana awezaye kuwalaumu, kwani fakhari ya miji hiyo imekwisha kusimuliwa kwa lugha zote za dunia, hata mtu afikapo huona kama anarudi mahali alipokwisha kukaa. Mimi nilikusudia Palermo, mji mkuu wa kisiwa cha Sisilia, kwa sababu moja: nilikuwa nimesoma kwamba katika mji huo, ambao umekuwa chini ya wafalme na watawala wa Kikristo kwa zaidi ya miaka mia tisa, ziko kuta za makanisa na makasri zilizoandikwa Kiarabu, tena si kwa bahati nasibu, bali kwa amri ya wafalme hao wenyewe, na mtu aliyefunzwa alifu na bee chuoni, akakaa mkekani mbele ya mwalimu wake katika mji wa pwani, hawezi kusikia habari kama hiyo asitake kuiona kwa macho yake.

Tarehe ya mji kwa mukhtasari ni hii. Katika mwaka 831 majeshi ya Waislamu yaliyovuka bahari kutoka Tunisia yaliutwaa Palermo kutoka kwa Warumi wa Bizanti, na kwa miaka zaidi ya mia mbili ukatawaliwa na maliwali wa dola ya Aghlabi, kisha wa dola ya Fatimi, kisha na maamiri wa ukoo wa Kalbi, ukastawi hata msafiri Ibn Hawqal, aliyefika huko katika mwaka 973, akaandika kwamba misikiti yake ilizidi 300. Mwaka 1072 Wanormani, watu wa vita ambao asili yao ni kaskazini ya Ufaransa, waliushinda. Na mwaka 1130 Roger wa Pili akavishwa taji la ufalme humo. Wanormani walikuwa wachache, na raia wao walikuwa Waislamu, Wagiriki, Walatini na Wayahudi, kila umma na lugha yake na ibada yake. Mfalme asiye na busara angaliwafukuza waliojua kazi akabaki na waliojua upanga tu. Roger aliweka makatibu wa Kiarabu katika diwani yake, mafundi wa Kigiriki katika makanisa yake, na maseremala na wachoraji wa Kiislamu katika kasri lake. Sisemi kwamba alifanya hivyo kwa mapenzi matupu. Alikuwa na haja ya utawala, na alikuwa na tamaa ya kushindana kwa fahari na makhalifa wa Kairo na makaisari wa Constantinople. Lakini tamaa hiyo ilifuatana na jicho lililojua kizuri, na matunda yake yangali yanaonekana.

Tunda lililo kubwa kuliko yote limo katika Kasri la Wanormani, ambamo leo hukutana baraza la kutunga sheria la Sisilia. Orofani kimo kikanisa cha mfalme kiitwacho Cappella Palatina, kilichoanzishwa mwaka 1132 na kutabarukiwa mwaka 1140. Aingiaye humo hupokewa na dhahabu: vijiwe vidogo vya kioo vilivyotiwa dhahabu na rangi vimefunika kuba, matao na kuta, na juu kabisa ndani ya kuba sura ya Masihi inatazama chini, malaika wamemzunguka, na maandishi ya Kigiriki yamewazunguka malaika. Ukutani, juu ya nguzo za marumaru, zimepangwa habari za Adamu, za Nuhu na safina yake, na za Ibrahimu, zikielezwa kwa Kilatini. Wageni niliowakuta walisimama wakaitazama dhahabu hiyo kwa taadhima iliyostahili, wakapiga picha zao, wakatoka. Nami nilisikitika kwa ajili yao, maana wengi hawakuinua vichwa kuitazama dari.

Dari hiyo ni ya mbao, na iliyoifanya ni mikono ya mafundi wa Kiislamu. Ni ya namna ambayo Waarabu huiita mukarnasi, yaani vijidaka vya mbao vilivyopandana tabaka juu ya tabaka, mithili ya zidaka za nyumba za kale za Lamu zilizogeuzwa zikatazama chini, na katikati zimepangwa nyota za pembe nane. Kwa mbali mtu huona weusi na wekundu uliofifia tu. Nilikuwa nimechukua darubini ndogo, na nilipoielekeza juu ulimwengu mzima ulinijia machoni: watu wamekaa kwa kupiga magoti wakishika bilauri, wapiga udi na wapiga zumari, wachezaji wa sataranji wawili na ubao wao kati yao, ngamia mwenye machela mgongoni, mwewe wa kuwindia, simba, na wanawake wenye nywele ndefu wakicheza ngoma. Kuzizunguka nyota imeandikwa khati ya Kufi, na humo hamna jina la nabii wala la mfalme, bali dua za heri moja baada ya nyingine: izza, nasri, afya, baraka. Nilizisoma polepole, kwani Kufi ni khati ngumu, na kila neno lililofunguka lilinipa furaha ambayo siwezi kuipima.

Nilijiuliza vipi mfalme wa Kikristo aliridhia wanywaji na wapiga udi wakae juu ya vichwa vya waumini. Jawabu, kwa maoni yangu, limo katika upande wa magharibi wa kikanisa chenyewe, ambako liko jukwaa la kiti cha enzi. Upande wa mashariki ni wa kasisi na altare yake, na upande wa magharibi ulikuwa ukumbi wa mfalme. Na juu ya ukumbi wa mfalme hapana ajabu kuonyesha anasa na raha za baraza ya kifalme, kama zilivyoonyeshwa katika makasri ya Misri. Jengo ni moja, na kazi zake ni mbili, na fundi wa kila kazi alitafutwa mahali alipopatikana aliye hodari.

Katika kasri hilo hilo, orofa ya juu, kimo chumba kiitwacho cha Mfalme Roger, ingawa mozaiki zake wataalamu huzinasibisha na zama za warithi wake. Kutani, juu ya ardhi ya dhahabu, mmejawa na mitende na michungwa, na chini yake wamesimama chui wawili wawili wakielekeana, na tausi, na wapiga mishale. Wale chui walinikumbusha kitabu. Mfalme Roger alimwalika Palermo mwanachuoni Sharifu al-Idrisi, akamwagiza atunge kitabu cha jiografia ya dunia yote pamoja na ramani yake, na ramani kubwa ikachorwa juu ya sahani ya fedha. Kazi hiyo ilitimia mwaka 1154, ambao ndio mwaka mfalme aliofariki. Sahani ya fedha haipo tena. Kitabu kipo, na ndani yake Malindi na Mombasa zimetajwa kwa majina yao, na imeandikwa kwamba watu wa huko huchimba chuma na kukifanyia biashara, na kwamba watu wa Mombasa huwinda chui. Basi hapa, katika kisiwa cha bahari ya Rumi, kwa amri ya mfalme wa Kinormani, miji yetu iliandikwa kitabuni miaka takriban 340 kabla Vasco da Gama hajatia nanga Malindi. Ndani ya kasri sikuona kibao kinachomkumbuka al-Idrisi mahali nilipopita, na ilinihuzunisha.

Khati ya Kufi ilinipeleka mbali zaidi. Joho la kutawazia la Mfalme Roger, ambalo sasa liko katika hazina ya kifalme huko Vienna, lilitariziwa Palermo katika karakhana ya mfalme, na pindo lake lina maandishi ya Kufi yanayotaja mji na mwaka: 528 ya Hijria, yaani 1133 au 1134. Lina picha ya simba wawili, kila mmoja amemkamata ngamia. Na katika msikiti wa Kizimkazi, kusini mwa kisiwa cha Unguja, pembeni ya mihirabu, iko khati ya Kufi iliyochorwa katika mawe ya matumbawe, nayo inataja mwaka 500 ya Hijria, yaani 1107. Sidai kwamba fundi wa Kizimkazi alimjua fundi wa Palermo. Nasema tu kwamba katika umri wa mtu mmoja khati hiyo ilitiwa katika matumbawe Unguja na katika hariri Palermo, na anayeistaajabia ya kule hana budi kuiheshimu ya huku.

Kutoka kasrini nilishuka kwa njia ya kale iitwayo Cassaro hata kwenye kanisa kuu. Kwa nje ni adhama kubwa, lenye mapindo ya mawe meusi na meupe. Askofu mkuu Walter alianza kulijenga mwaka 1185 mahali palipokuwa na msikiti. Kila karne imeongeza chake, na kuba lililotiwa mwishoni mwa karne ya 18 limekaa juu yake kama si la nyumba hiyo; naliona kuwa ni hasara. Lakini katika ukumbi wa mlango wa kusini iko nguzo moja ya marumaru, upande wa kushoto wa aingiaye, na juu yake imechongwa aya ya 54 ya Sura ya al-A'raf, inayosimulia kuumbwa kwa mbingu na ardhi na usiku unavyoufunika mchana. Nilisimama mbele yake nikaisoma yote kwa moyo, maana macho hayakuweza kuzifuata herufi zilizolika. Watu waliingia na kutoka kwenda kusali, wakipita ubavuni mwake.

Ndani ya kanisa hilo wamezikwa Roger wa Pili na mjukuu wake Frederick wa Pili katika majeneza ya jiwe la zambarau lisilo kifani. Frederick alisema Kiarabu, na alipenda kujadiliana na wanachuoni. Lakini ni yeye huyo aliyewahamisha Waislamu wa Sisilia walioasi, akawapeleka bara, katika mji wa Lucera, na mwaka 1300 Charles wa Pili wa Anjou akauvunja umma huo, wengi wakauzwa utumwani. Kuta zilibaki, na watu waliozijenga waliondolewa. Mtu asifuye uzuri wa Palermo bila ya kulitaja jambo hili husifu nusu.

Nitayapita kwa haraka makanisa mawili yaliyokaribiana katika uwanja mmoja. San Cataldo ni dogo, lina makuba matatu mekundu, nalo ndani ni mawe matupu yasiyo na pambo, na kwa sababu hiyo uashi wake huonekana dhahiri. Wekundu wa makuba ni hiari ya watengenezaji wa karne ya 19. Jirani yake, Martorana, lilijengwa na George wa Antiokia, amiri wa bahari wa Mfalme Roger, katika mwaka 1143. Humo iko mozaiki ya Roger akivishwa taji kwa mkono wa Masihi mwenyewe, bila ya papa wala askofu kati yao, na jina lake limeandikwa kwa herufi za Kigiriki; na juu, kwenye ubao unaozunguka kitako cha kuba, sala za Kikristo za Wagiriki zimeandikwa kwa Kiarabu. Msafiri Ibn Jubayr aliliona kanisa hili mwishoni mwa mwaka 1184, akalisifu kuwa miongoni mwa majengo ya ajabu, akaeleza pia kwamba wanawake wa Kikristo wa mji walivaa na kujifunika kama wanawake wa Kiislamu.

Siku nyingine niliielekea Kalsa, mtaa wa pwani ambao katika karne ya 10 ulikuwa makao ya amiri, na huko nikaingia Palazzo Abatellis, makumbusho ya sanaa ya Sisilia. Jumba lenyewe lilisanifiwa na Matteo Carnilivari mwishoni mwa karne ya 15, likapigwa mabomu katika vita mwaka 1943, na baada ya kutengenezwa likakabidhiwa msanifu Carlo Scarpa wa Venice, ambaye alipanga vyumba vyake kwa ustadi ambao mafundi wa makumbusho duniani wanajifunza hata leo. Scarpa hakurundika vitu. Alikipa kila kitu mahali pake, na nuru yake, na nafasi ya mtu kukizunguka.

Chini, katika ukumbi uliokuwa kanisa la jumba, iko picha ya ukutani iitwayo Ushindi wa Mauti, yenye upana wa mita sita na zaidi, iliyochorwa katikati ya karne ya 15 katika uwanja wa ndani wa hospitali ya Palazzo Sclafani, kisha ikabanduliwa wakati wa vita, ikakatwa vipande vinne ili iokolewe. Mauti amepanda farasi aliyebaki mifupa na mbavu, na upinde mkononi. Mishale yake imekwisha kuwapata maaskofu, wafalme na makadhi, ambao wamelala chini ya kwato. Upande wa kulia mabibi na mabwana wanasikiliza muziki bustanini, na mmoja tayari ana mshale shingoni. Upande wa kushoto maskini na vilema wananyoosha mikono wakimwomba Mauti awapumzishe, naye amewapita. Katika kundi hilo la maskini amesimama mtu mwenye brashi, anatutazama sisi, na husemekana ndiye mchoraji. Jina lake halijulikani. Kazi kubwa namna ile, yenye nguvu ya kumtetemesha aliye na moyo mgumu, na aliyeifanya ametuachia macho yake tu!

Orofani iko picha ndogo, isiyozidi urefu wa sentimita 45, ambayo Antonello da Messina aliichora kwa rangi ya mafuta juu ya ubao katika miaka ya 1470. Ni Bi Mariamu anapoletewa bishara. Wachoraji wengi huonyesha malaika na mbawa zake na ua mkononi. Antonello hakumchora malaika. Yupo mwanamke mmoja kijana, amejitanda mtandio wa buluu, mkono wa kushoto ameushika mtandio kifuani, mkono wa kulia ameuinua mbele yake nusu kwa kuzuia, nusu kwa kukubali, na kitabu kimefunuka mezani, ukurasa umeinuka kidogo kama uliopitiwa na upepo. Nyuma yake ni giza tupu. Nilipotafuta alipo malaika nilitambua kwamba nimesimama mahali pake. Nilikaa mbele ya picha hiyo mpaka watu waliokuja baada yangu wakaondoka, na wengine wakaja. Na kama ningeamriwa kuchagua kazi moja tu katika Palermo, ile ningeichagua mbele ya dhahabu yote ya kasri.

Nilizuru pia makumbusho ya mambo ya kale yenye mawe ya mahekalu ya Selinunte, na vikanisa vilivyopambwa kwa sanamu za lipu nyeupe na Giacomo Serpotta, fundi asiye na mpinzani katika kazi hiyo, ambaye chokaa mkononi mwake hufanana na nyama hai. Katika kimoja cha vikanisa hivyo, San Lorenzo, ilikuwapo picha ya Kuzaliwa kwa Yesu ya Caravaggio, ambayo iliibwa usiku mmoja wa Oktoba mwaka 1969 na haijaonekana tena. Mahali pake pamewekwa nakala.

Mwisho nilikwenda Zisa. Kasri hili liko nje ya mji wa kale, na wageni wengi hawafiki. Mfalme William wa Kwanza alilianza mwaka 1165, mwanawe akalimaliza, likapewa jina la Kiarabu, al-Aziz, nalo lilikuwa kasri la kupungia upepo, limezungukwa na bustani na maji. Chini uko ukumbi wenye mukarnasi katika pande zake tatu. Maji yalitoka ukutani, yakateremka juu ya ubao wa marumaru uliochongwa mistari ya kukunjana ili yatetemeke na kuburudisha hewa, yakapita katika mfereji na vibirika viwili sakafuni, yakatoka nje kujaza birika kubwa mbele ya mlango, na pepo za bahari zikaingia kwa matao na kupoa juu yake. Wajenzi wetu wa leo, wafungao nyumba kwa vioo katika nchi za jua kali, wangalifaidika kwa kukaa saa moja katika ukumbi ule.

Juu ya ukuta wa kasri palikuwa na maandishi ya Kiarabu yaliyouzunguka ukingo wote, na baadaye mwenye nyumba mmoja alitaka liwe ngome, akakata ukingo kuufanya meno ya kujikinga. Leo herufi zimebaki juu ya kila jino, na pengo liko kila mahali neno lilipokuwa likiunga. Mwaka 1971 sehemu ya kasri ilianguka, ikajengwa upya kwa miaka mingi, na tangu mwaka 1991 limefunguliwa kwa watu, likiwa makumbusho ya sanaa ya Kiislamu.

Humo limo bamba la marumaru la mwaka 1149, ambalo kasisi mmoja wa mfalme, Grisanto, alimwekea mama yake Anna kaburini. Katikati pana msalaba. Kushoto pameandikwa Kilatini, kulia Kigiriki, chini Kiarabu, na juu Kiarabu tena lakini kwa herufi za Kiebrania, ili Wayahudi wa mji wakisome. Na kila umma umepewa tarehe kwa hesabu yake. Mlinzi, mzee mwenye adabu, alipoona midomo yangu inakwenda, alinijia akaniomba kwa ishara nimsomee. Nikamsomea Kiarabu kwa sauti, naye akavua kofia yake akasikiliza mpaka mwisho, ingawa hakufahamu ila jina la Anna.

Msomaji atakayejaaliwa kufika Palermo na aanze na Zisa asubuhi, kisha Abatellis, na kasri la mfalme aliwekee siku nzima na darubini. Na walimu wetu wa historia katika pwani nawasihi wazitafute kurasa za al-Idrisi zinazoitaja Malindi na Mombasa, wazitie katika Kiswahili chepesi, na wawape wanafunzi wa Malindi na Mombasa wazisome.